Kifuniko cha Bluu

12 Januari

Dada Barafu,

Nimefika. Chumba nilichopewa ni kidogo mno, nikitaka kuvuta droo ya meza lazima kwanza nipande kitandani. Dirisha linatazama ukuta wa dobi, na tangu asubuhi mvuke wa pasi unapanda hadi kwenye kioo changu. Sijambo lakini. Nimeshaijua njia ya maabara na ya duka la mkate, mengine yatafuata.

Sasa msogelee mama kwenye sikio la kulia umsomee haya. Mama, shikamoo. Simu najua imekushinda, unasema sauti zote zinafanana na redio ya jirani, kwa hiyo nitakuwa naandika na huyu mwanao mwingine atakusomea. Nakula vizuri. Koti ulilonipa linanitosha na kubaki. Mwezi wa sita nitakuja kukuona, kazi ikikaa sawa. Barafu akiruka mstari mpige kofi.

Yanayofuata ni yako. Mkuu wa maabara hapa ni mama mfupi, msema taratibu, na akinyamaza watu wote wanaangalia viatu vyao. Amenipa mwaka mmoja na swali moja, lilelile tulilokuwa tunabishania mimi na wewe kwenye benchi la Mwalimu. Unakumbuka: seli ikigawanyika, zile seli mbili changa zinabaki zimeshikana kwa kishingo chembamba. Mafundi wa seli, zile protini, wanaingia ndani ya kishingo, wanajizungusha humo kama uzi kwenye kidonge cha uzi, kisha unakuja mkasi kuwavuta na kishingo kinaachia. Mimi nilikitazama kile kidaraja mpaka mkanipa jina lake. Mkuu anataka kujua habari za kirusi. Kirusi kikitaka kutoka kinausukuma utando wa seli kutokea ndani, kinavimba kama chunusi, halafu kinakwama shingoni maana hakina mkasi wake. Inasemekana virusi vingi vinaazima ule wa seli. Kwa hiki chetu hakuna aliyeonyesha bado. Nikionyesha, nafasi ni yangu kwa muda mrefu. Nisipoonyesha, nafunga begi.

Naomba vichupa vyako viwili vya jeni za mkasi, mkasi mzima na mkasi butu. Hapa wanavyo vyao, ila sijui vimepita mikono ya nani. Na usisahau kukwaruza chini ya vichupa kama kawaida yako, mstari mmoja kwa mzima, miwili kwa butu. Watu walikucheka sana kwa mikwaruzo ile, lakini mimi vifuniko siviamini, naamini kucha zako.

Mdogo wako,
Kidaraja

*

2 Februari

Mdogo wangu,

Mama alisikiliza barua akiwa amefumba macho, nikadhani kalala, kumbe anasubiri nirudie pale pa koti. Nimerudia mpaka mate yamenikauka. Anasema ule, na usitembee na kichwa wazi. Ni mzima, ila miguu inamvimba kidogo jioni, mambo ya umri. Usiwe na wasiwasi, naingia kwake asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Ufunguo si ninao.

Boksi lina barafu kavu ya kutosha, ukilipokea litie kwenye friji moja kwa moja, usianze kupiga soga na mleta mizigo. Kifuniko cha bluu ni mkasi mzima. Cheupe ni mkasi butu. Nimevitengeneza upya kwa mkono wangu, na chini nimekwaruza kama ulivyotaka. Tabia ya huo butu unaijua: ukiingia kwenye seli unakwenda kukaa palepale pa mzima, unafanana nao kwa kila kitu, ila hauvuti, na mizima iliyo pembeni yake nayo inashindwa kazi. Kwa hiyo uwe makini na vifuniko.

Mwalimu anakusalimu. Ameuliza kama bado unapima kila kichupa kigeni kwenye seli zisizo na kirusi kabla ya kukitumia, nikamwambia huyo hata chai anaipima. Nafasi hiyo tuliiomba wote wawili, ukapata wewe. Mimi sina kinyongo, nimebaki na friji langu na mama yako, na vyote viwili vinanihitaji.

Dada yako,
Barafu

*

15 Machi

Dada Barafu,

Mama kwanza: shikamoo mama, kichwa nakifunika, na miguu uiweke juu ya kigoda ukikaa. Dobi wa hapa chini amejifunza kunisalimia kwa lugha yetu, anaikosea vibaya sana, utacheka nikikuigiza.

Dada, sijui nianzie wapi. Boksi lilipofika Mkuu aliniuliza, umevipima? Nikamwambia vimetoka mkononi mwa dada yangu, kuvipima ni kumtukana. Akaniangalia kidogo, akaendelea na kazi zake. Basi nikaingia kazini. Na matokeo yamekuja kichwa chini miguu juu. Seli nilizozitia mkasi butu zinatoa virusi kama kawaida, utadhani hakuna kilichotokea. Zile nilizozitia mkasi mzima ndizo zilizokwamisha virusi, vimening'inia juu ya utando kama matone kwenye kamba ya nguo, haviondoki. Nimerudia, na tena nimerudia. Yaani hiki kirusi mkasi wa seli hakiuhitaji kabisa, na ukizidi unakizuia. Kila kilichoandikwa kuhusu jamii ya virusi hivi kinapingana na mimi.

Mkuu amesema nizungumze kwenye mkutano mkubwa wa mwezi wa nne, mbele ya maabara zote. Naogopa. Wewe ungekuwa mahali pangu ungesimama?

Mdogo wako,
Kidaraja

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Ningesimama. Umerudia, umepata kilekile, unaogopa nini? Watu wanaoogopa kupinga vitabu waende wakauze mitumba. Simama, sema, kaa chini.

Mama mzima. Amepungua kidogo, unajua alivyo na chakula chake. Anasema kama kazi imekolea hivyo usijisumbue na safari ya mwezi wa sita, yeye haendi popote. Nami naona hivyohivyo. Nauli utaichoma bure na mwaka ni mfupi.

Barafu

*

2 Mei

Dada Barafu,

Sehemu ya mama: mama, shikamoo. Sijambo. Kazi imekuwa ngumu kidogo, nitachelewa kuja, usinikasirikie. Miguu inaendeleaje? Mwambie Barafu aniandikie ukweli.

Sasa sisi. Nilisimama. Nilisema. Nilipokaa, mzee mmoja wa maabara ya ng'ambo ya mtaa akauliza kwa upole tu kama tunaweza kumpa seli zetu na kirusi chetu, wajaribu na vichupa vyao. Mkuu akasema chukueni. Wamejaribu. Kwao mkasi butu unakwamisha kirusi na mkasi mzima unakiachia, vilevile kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Wanaandika makala yao sasa hivi. Lile jibu nililokuja kulitafuta wamelipata wao, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu kulikana.

Hakuna aliyenicheka usoni, na hilo ndilo linaloniuma. Wananipisha mlangoni kama mfiwa. Mkuu amenipa nafasi ya kutafuta nilipokosea. Nimebadilisha chakula cha seli, nimebadilisha joto, nimeosha vyombo kwa mikono yangu mpaka vidole vimechubuka. Sijui kosa liko wapi. Mwezi wa sita siji. Nitakujaje na uso huu?

Wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia haya.

Kidaraja

*

14 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Maabara ina siku zake mbaya, hata Mwalimu aliwahi kumwaga kazi ya msimu mzima kwenye sinki. Angalia maji unayotumia. Angalia na umri wa seli, zikizeeka zinadanganya.

Mama mzima, usimfikirie. Maliza kwanza huko.

Dada yako akupendaye,
Barafu

*

9 Juni

Barafu,

Hii usimsomee mama.

Jana nilikuwa sina cha kubadilisha tena. Nikakumbuka lile la Mwalimu, kichupa kigeni kwenye seli tupu, na nikalifanya kwa unyonge tu, kama mtu anayepapasa mfuko alioupapasa tayari. Sahani mbili za seli, hakuna kirusi. Moja nikaitia cha bluu, nyingine cheupe. Leo asubuhi nikazitazama kwenye hadubini. Sahani ya cheupe seli ziko mojamoja, kila moja imeshika njia yake. Sahani ya bluu ziko mbilimbili. Sahani nzima, mbilimbili, zimeshikana kwa kile kishingo na hakuna inayoweza kumwachia mwenzake. Kishingo kile nimekitazama miaka yangu yote ya masomo, hata ukinifunika jicho moja ningekitambua. Kwenye kifuniko cha bluu kuna mkasi butu.

Niliona huruma, Barafu. Nilikuonea huruma wewe. Nikasema maskini dada yangu, kachoka na kazi na kumhudumia mama, kachanganya vifuniko, na nikaanza kufikiria nikuandikie vipi usije ukajilaumu.

Halafu nikavigeuza vichupa nitazame kucha zako. Chini ya cha bluu kuna mstari mmoja, kama inavyotakiwa kwa mzima. Pembeni yake plastiki imesuguliwa ikawa nyeupe. Nimekiweka chini ya lenzi. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja umesuguliwa, na taratibu, kwa kitu laini, mpaka mtu asiyekujua asione kitu. Chini ya cheupe mstari wa pili umeongezwa baadaye, hauna kina sawa na mwenzake. Mtu anayekosea kifuniko hakai chini akasugua mstari.

Ulijua nitaangalia mikwaruzo na ulijua sitapima. Hakuna mtu mwingine duniani angeyajua yote mawili.

Matokeo yangu yote yalikuwa sahihi, unaelewa? Ukibadilisha vifuniko tu, kirusi chetu kinaazima mkasi wa seli, na ni mimi niliyeliona kwanza, toka mwezi wa tatu. Nimemwonyesha Mkuu. Akasema kazi ni nzuri, lakini mtu anayetumia kichupa bila kukipima, yeye hawezi kumkabidhi maabara, awe amedanganywa na nani. Nafasi imekwenda. Nafunga begi.

Nilikuwa nakuita dada mbele ya watu wazima. Ulipokuja kupanga chumba chetu cha uani na ndoo moja na godoro, mimi ndiye niliyemwambia mama tule pamoja. Niandikie sababu. Sitaki pole, nataka sababu.

Kidaraja

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Nilifanya. Sikatai, kucha zangu unazijua.

Mama anaumwa, Kidaraja. Ni ini. Daktari aliniambia mwezi wa kwanza, umeondoka juzijuzi tu. Ana kirusi cha ini cha muda mrefu, labda tangu hujazaliwa, na kimemla pole pole bila kelele. Nacho kinatoka kwa kuazima mkasi uleule, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mama aliniapisha. Alinishika mkono akasema nikikuambia hatanisamehe, kwamba umehangaika sana kupata nafasi na yeye hatakuwa sababu ya kuipoteza. Ningefanya nini? Kukuambia siwezi, na kukuacha ukae huko mpaka azikwe siwezi. Nikaona ukishindwa mapema watakurudisha nyumbani, utamkuta angali na nguvu, na nafasi nyingine zitakuja. Sikujua watakupa muda wa kurudia. Sikujua aibu itakufunga huko.

Utaniuliza mbona nilikuandikia usije. Mama ananiambia nimsomee kila ninachoandika kabla sijafunga bahasha. Alikuwa ananisikiliza.

Nichukie ukipenda, lakini njoo. Macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji, na siku nyingine anapotea, hajui ni saa ngapi wala yuko wapi. Mimi ndiye namwogesha, ndiye namgeuza. Njoo upesi.

Barafu

*

7 Julai

Barafu,

Niko hapa, chumba cha uani, kile ulichopanga zamani. Mama amelala. Nakuandikia kwa sababu sitaki kukuona. Jirani atakuletea barua hii.

Njia nzima nilikuwa nakusamehe. Ubaya wa lile boksi nilikuwa nao, nimeukumbatia pamoja na begi, lakini nikajisemea mtu akikatwa huku na huku, kiapo cha mama upande mmoja na mimi upande mwingine, anaweza kufanya kitu cha kichaa. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuambia.

Siku ya kwanza mama aliniita kwa jina lako. Nikaitika, nikampa maji. Akasema leo mikono yako baridi, Barafu. Nikasema ndiyo.

Jana kichwa kilimtulia. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kazi imekuachia hatimaye?" Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, nikamuuliza kwa nini alinificha, kwa nini alikuapisha. Akadhani mimi ndiye niliyepotea.

"Nikufiche nini, mwanangu? Daktari alivyosema tu, nilimwambia Barafu akuandikie siku hiyohiyo. Nikamwambia mwite, nataka nimwone kabla sijawa mzigo. Na wewe si ulijibu?"

Nikauliza nilijibu nini. Akanikariria, Barafu. Ameshika kila neno, huyu ambaye juzi hakujua jina langu. Nilisema nimesikia habari ya ini, pole, lakini watu wa maabara hawawezi kuniachia kwa ugonjwa wa mzee. Nilisema ana Barafu, kwa hiyo hajapungukiwa. Mwezi wa tano nilisema nitachelewa, avumilie, na asiwe anaulizia kila mara.

"Maneno yalikuwa makali kidogo," akasema. "Nikamwambia Barafu anisomee polepole, labda nimesikia vibaya. Akarudia. Yalikuwa hayohayo."

Kwa hiyo ulikuwa unakaa kwenye kigoda chake, umeshika karatasi yangu ya koti na ya dobi, na unamsomea hayo. Katika sikio la kulia. Kwa sauti yangu. Na hukuapishwa na mtu. Ulitaka mahali pangu huko na pa hapa pia, na pote ukapata njia ya kuingia kwa sababu mimi mwenyewe nilikupa.

Nilifungua mdomo nimwambie, naapa. Nilikuwa na kila kitu, hata vichupa viko kwenye begi langu. Halafu ikafika saa ya dawa na mama akaanza kugeuza kichwa kuelekea mlangoni. Kila unyayo ukipita uani anageuka. Mimi sijui mto anauweka upande gani. Nimemwinua vibaya akalia kwa maumivu, akasema kwa upole, siyo hivyo, Barafu anajua. Umemwogesha kweli. Umemgeuza kweli, mgongo hauna kidonda hata kimoja, nimeutazama kila mahali nikitafuta. Nikimwambia yote, siku alizobakiza atazimaliza na mikono isiyomjua, na moyoni atakuwa amempoteza mtoto aliyemtunza. Nikinyamaza, anabaki na watoto wawili, mmoja mwema na mmoja wa ovyo.

Nikasema, ndiyo mama, niliandika hivyo. Kazi ilinipofusha. Nisamehe.

Akaweka mkono kichwani kwangu. Alisema ameshasahau zamani, na akanipapasa nywele mpaka akachoka, lakini mkono ule haukuwa kama ulivyokuwa siku ya kuondoka, aliponivisha koti.

Hukulistahili hili hata kidogo, na mimi sijalifanya kwa ajili yako. Siku mama akituacha, usije kunitafuta, wala usiniite mdogo wako kwenye mazishi mbele ya watu.

Njoo kesho saa ya dawa. Ufunguo baki nao. Vichupa nimeviacha juu ya meza ya jikoni, nimevibadilisha vifuniko, sasa cha bluu ndicho chenye mkasi mzima. Mimi nitakuwa nimetoka. Akiniulizia, mwambie nimekwenda kazini. Hilo ataliamini.

Kidaraja